Mgeni Kwao: Lugha na Jiko katika Nyumba Moja ya Maskati

Fasihi inayosimulia uhamiaji imezoea kuanzia safarini. Msomaji hupakiwa chomboni pamoja na mhusika, akaonyeshwa bahari au mawingu, akafikishwa mbele ya ofisa mwenye muhuri, na aghalabu kisa hufikia kilele chake papo hapo. Katika By the Sea, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2001, mzee kutoka Zanzibar anawasili Uingereza na kasha dogo la udi, na ofisa wa uwanja wa ndege analichukua. Ni tukio zito, na wahakiki wamelirudia mara nyingi. Lakini mhamiaji haishi uwanjani. Kesho yake kuna chai ya kuchemshwa, mtoto wa kupelekwa shule na jirani wa kuamkiwa kwa lugha ambayo ulimi haujaizoea. Huko ndiko uhamiaji hasa unakotendeka, siku baada ya siku, na huko uhakiki hufika kwa nadra. Makala haya yanaingia nyumba moja tu, tena kwa mlango wa jikoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa Matrah, mji wa bandari unaopakana na Maskati, katika miaka ya 1970. Waliokaa humo walikuwa mume, mkewe na watoto watatu: mvulana wa miaka kumi na mmoja, msichana wa miaka minane, na kitindamimba wa miaka mitatu. Mume na mke walizaliwa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walivukia Mombasa, wakaishi Mji wa Kale kwa miaka kumi na mmoja, naye mume akifundisha skuli, na mwaka 1975 wakapanda ndege hadi uwanja wa Seeb. Mamake mume alibaki Mombasa. Alisema umri wake haukuwa wa kujifunza joto jipya. Katika makaratasi yao safari hiyo iliitwa kurudi. Hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyewahi kuiona Omani.

Neno hilo "kurudi" lina historia ndefu. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, yakapanda tena na kusi. Seyyid Said aliihamishia Unguja baraza yake katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa. Alipofariki mwaka 1856 milki yake iligombewa na wanawe, na mwaka 1861 ikagawanywa rasmi kuwa dola mbili. Familia nyingi zilibaki upande huu wa bahari, zikaoa na kuolewa, zikasahau Kiarabu cha mababu na kukumbuka jina la kabila tu. Upande wa pili, Omani ilibaki nyuma. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini Sultani Qaboos alipotwaa utawala tarehe 23 Julai 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu na barabara ya lami ya kilomita kumi hivi. Aliwaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warejee kujenga. Waliotoka Afrika Mashariki walikuja na kitu ambacho serikali ilikihitaji mno: elimu ya skuli na Kiingereza cha ofisini. Aliyeweza kutaja kabila na kijiji cha babu yake alipokewa kama mwana aliyerejea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikabidhiwa jembe siku ya kwanza.

Kupokewa ofisini, hata hivyo, hakukuwa sawa na kupokewa mtaani. Mume huyo, aliyepewa kazi ya kuandika barua za Kiingereza katika wizara mojawapo, aligundua upesi kwamba wenzake walikuwa na jina la kumwita. Walimwita Mzanzibari. Jina hilo lilimhusu yeye wa Unguja, likamhusu na aliyezaliwa Mombasa, na hata yule aliyetoka Burundi au Kongo akizungumza Kifaransa. Aliyekuja akisema Kiswahili alikuwa Mzanzibari, basi. Halikuwa tusi. Lilikuwa mstari mwembamba uliochorwa kila siku baina ya waliorudi na ambao hawakuwahi kuondoka. Mtu huyo alikuwa na sababu ya kuuona mstari huo mnene kuliko ulivyokuwa. Unguja, mwaka 1964, watu waliobeba machungu halisi ya vizazi, ya utumwa na ya mashamba, walimhesabu kuwa Mwarabu na wakamtaka arudi kwao Uarabuni. Sasa alikuwa Uarabuni, na vijana wa ofisini walimuuliza kwa upole kwao Afrika ni sehemu gani. Alikuwa amekwisha kuwa mgeni mara mbili, kila mara mahali alipoambiwa ni kwao. Aliapa kwamba wanawe hawatakuwa wageni mara ya tatu. Bila kuuelewa uchungu huo, aliyoyatenda baadaye yataonekana kuwa ni ukatili mtupu.

Tabu ya kwanza ilikuwa ya lugha, nayo haikujificha mahali ilipotarajiwa. Kwa kuwa maneno mengi ya Kiswahili yana asili ya Kiarabu, familia ilidhani ingepata ngazi ya kupandia. Ngazi ilikuwepo, ila vidato vyake vilikuwa vimelegea. Mama alikwenda sokoni akamwomba muuza samaki ampunguzie, akasema "tafadhali" kwa adabu yote ya Kiunguja. Muuza samaki akasubiri. Kwa Mwarabu, neno hilo ni la mwenye kutoa: hutamkwa na anayekaribisha, anayempisha mwenziwe mlangoni, anayesogeza sahani. Mswahili amelichukua akalifanya la mwenye kuomba. Kwa hiyo mama alisimama akiomba, na muuza samaki akasimama akingoja apewe, hadi mteja wa tatu alipocheka. Neno moja lilikuwa limevuka bahari likageuka upande, kutoka mkono wa juu hadi mkono wa chini, na mama akalirudisha lilikotoka bila kujua kuwa limegeuka.

Msichana naye alikutana na jinsia. Kiswahili hakimtenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. "Wewe" ni wewe, na "alikuja" humtosha kila mtu. Kiarabu humtaka msemaji aamue kila anapofungua kinywa. Wiki ya kwanza skulini alimwita mwalimu wake wa kike "inta", kama anayesema na mwanamume, na darasa zima likaangua kicheko. Alirudi nyumbani akamuuliza mamake, "Mama, kwa nini lugha yetu haijui nani mwanamke?" Mamake, aliyekuwa akikuna nazi, alimjibu bila kuinua uso: "Inajua, mama. Haioni haja ya kusema kila mara." Jibu hilo lingemfaa mwanaisimu, kwa mtoto anayechekwa, halikuwa na msaada.

Kisha palikuwa na shikamoo. Mtoto wa pwani hufundishwa neno hilo kabla ya kufundishwa kufunga vifungo vya nguo. Huliona kama ufunguo: ukilisema, mkubwa huitika marahaba, na mlango wa mazungumzo ukafunguka. Kiarabu kina salamu nzuri zisizo na idadi, lakini salamu yake kuu humpa mkubwa na mdogo maneno yale yale. Heshima ya umri huonyeshwa kwa kubusu mkono au kichwa. Kitindamimba alipomwambia bibi wa jirani "Shikamoo", yule bibi alitazama huku na huko akidhani mtoto anaomba kitu, mwisho akampa tende. Kwa miezi kadhaa mtoto aliamini kwamba Omani shikamoo huitikiwa kwa tende, na hakuona ubaya wowote.

Bibi huyo wa jirani ndiye aliyekuwa skuli ya mama. Hakujua Kiswahili, na mama hakuwa na Kiarabu ila cha msahafu na cha sokoni. Walikutana alasiri kwenye kivuli cha ukuta, wakanywa kahawa kwa vikombe vidogo, wakatafuta maneno yaliyokuwa ya wote wawili: sukari, sabuni, samaki, bahari, dunia, rehema. Neno likipatikana walifurahi kama waliookota pete. Siku ya Idi jirani alileta bakuli la harisi, ngano iliyopondwa ikapikwa na nyama hadi ikashikana. Mama alionja, akanyamaza, kisha akasema, "Hii bokoboko." Ilikuwa ndiyo, tofauti ikiwa chache. Aliingia ndani akatoka na mandazi aliyoyatia iliki. Siku hizi mandazi na mishkaki ni vyakula vya Maskati: mishkaki huchomwa kando ya barabara jioni, huitwa mishkak, na vijana wanaoila hawaulizi jina hilo lilipandia wapi. Chakula hakikutakiwa kutaja kabila lake.

Baadhi ya vitu havikupata mwenzake. Mama alikuja na mbuzi ya kukunia nazi akiwa ameifunga ndani ya kanga, na hakuna ofisa aliyemnyang'anya. Nazi zenyewe ndizo zilizokuwa shida. Minazi ya Omani iko Salala, kusini, kilomita elfu moja hivi kutoka Maskati. Nazi zilizofika Matrah zilikuwa chache, baadhi zimekauka, na kila moja ilipangiwa siku yake. Wali wa nazi ukawa wa Ijumaa. Siku nyingine watoto walikula wali mweupe kwa samaki, wakasema haukuwa na kitu. Na mama aliwaambia kuwa una kitu, ila haujawazoea.

Mwaka 1976, matokeo ya mitihani ya kwanza yalipoletwa, baba aliweka sheria. Mvulana alikuwa ameshindwa Kiarabu, na kwa hiyo ameshindwa kila somo lililofundishwa kwa Kiarabu. Baba aliwaita wote ukumbini. Alisema kwamba kuanzia siku hiyo, jamvini na ukumbini, Kiswahili hakitasemwa. Atakayekisema atalipa baisa ishirini na tano kutoka katika pesa zake za mkononi. Aliweka kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, lenye tundu alilolitoboa kwa msumari. Alieleza sababu zake kwa utulivu, na zilikuwa sababu nzuri. Aliyaeleza hayo yote kwa Kiswahili, kwa maana hakuwa na Kiarabu cha kutosha kuyaeleza. Mvulana akanyoosha kidole kwenye kopo. Baba alicheka, akatoa sarafu, akawa wa kwanza kulipa.

Msomaji wa Kenya hatakosa kuikumbuka sheria nyingine. Katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia jinsi mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kigikuyu karibu na skuli alivyochapwa, au akavishwa kibao shingoni cha kumfedhehesha. Kibao kile na kopo hili ni ndugu. Lakini tofauti yao ndiyo inayostahili kuzingatiwa. Kibao kilifungwa na dola ya kigeni, na mtoto aliporudi nyumbani jioni alikivua, akaikuta lugha yake imemngoja mekoni. Kopo la Matrah liliwekwa na baba, ndani ya nyumba, kwa huruma. Mtoto hakuwa na pengine pa kurudi jioni. Nadharia za ukoloni wa lugha hueleza vyema mkono unaolazimisha kutoka nje. Hazijawa na maneno mengi kuhusu mkono wa mzazi anayeing'oa lugha yake mwenyewe kwa kuchelea kwamba itawachoma wanawe.

Sheria ilifanya kazi. Mwaka uliofuata mvulana alifaulu. Msichana aliacha kukosea jinsia. Kitindamimba, ambaye kinywa chake kilikuwa bado laini, alisema Kiarabu cha Matrah kiasi kwamba muuza samaki alimuuliza ni mtoto wa nani. Yaliyotokea jamvini hayakuandikwa katika ripoti yoyote. Mama alinyamaza. Hakugoma wala hakununa. Alikosa tu maneno. Kiarabu chake kilitosha kununua bamia, hakikutosha kusimulia yaliyomkuta alipokwenda kuyanunua. Aliyekuwa na hadithi ya kila mlo sasa alisogeza sahani, akajaza bilauri, akaangalia vinywa vya wanawe vikitoa sauti alizozifuata kwa nusu. Alipoulizwa kitu alijibu kwa neno moja. Mumewe, ambaye hakuwa mtu wa kutoona, alidhani amechoka kwa joto.

Jikoni, hata hivyo, hapakutajwa katika sheria. Msichana ndiye aliyegundua pengo hilo, akalitumia kwa ujanja wa wakili. Alianza kubeba sahani moja moja, ili safari ziwe nyingi. Kila safari alipata sentensi mbili au tatu za Kiswahili, akarudi ukumbini akiwa amefunga kinywa. Hivyo lugha ikapata makazi mapya, baina ya jiko la gesi na mfereji, ikawa lugha ya wanawake, ya vitunguu na ya siri. Mvulana hakuingia jikoni. Umri wake ulikuwa umeanza kumwambia kwamba jikoni si kwake. Kwa hiyo kila mmoja alirithi kiasi tofauti cha mamake, na kilichokipima kiasi hicho kilikuwa hatua za kutoka jamvini hadi jikoni.

Mwaka 1978 ilifika simu ya maandishi kutoka Mombasa. Mamake baba alikuwa amefariki. Tanga likawekwa Matrah, maana maziko yalikwisha fanyika na safari isingewahi kitu. Wanaume walikuja kumpa pole kwa Kiarabu, naye aliitika inavyopasa, kila dua kwa jibu lake, bila kukosea. Wenzake wa ofisini walimsifu baadaye kwa uthabiti wake. Siku tatu hakulia, au hakuonekana akilia.

Usiku wa tatu, watu walipokwisha kuondoka, aliingia jikoni. Mkewe alikuwa akisugua sufuria ya mchuzi. Alisimama karibu na mlango, akasema kwa Kiswahili:

"Mama watoto, ile hadithi ya Mama, ya Sungura na kisima. Kobe alipakwa ulimbo mgongoni, Sungura akanaswa. Halafu alitokaje?"

Mkewe aliigeukia sauti yake, wala si maneno. "Umeisahau, baba?"

"Nimeisahau. Siku tatu naitafuta. Watu wananiombea, mimi natafuta Sungura katokaje."

Mama alifuta mikono kwa ncha ya kanga. Aliijua hadithi hiyo. Mkwewe aliwasimulia wajukuu barazani Mombasa mara zisizohesabika, yeye akichambua mchele pembeni. Akasema haisemwi hivi hivi, ina mlango wake. Kisha akasema, "Paukwa."

Mwanamume mzima, karani wa wizara, mfiwa wa siku tatu, akaitika: "Pakawa." Hapo ndipo alipolia.

Aliyaona hayo msichana, ambaye alikuwa ameamka na kusimama gizani. Kitindamimba alimfuata nyuma, akasikia maneno mawili asiyoyajua, akauliza kwa Kiarabu pakawa maana yake nini. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa neno hilo halina maana nyingine ila kuitika. Walikaa sakafuni wote wanne, na mama akaimaliza hadithi. Katika riwaya ya mkwewe, Sungura aliwaomba wanyama wamfunge kwa kamba ya mgomba, kisha wamwanike juani. Kamba ilipokauka ikakatika, naye akaenda zake. Baba alipiga kofi moja la furaha, kama mtoto. Mvulana hakutoka chumbani. Asubuhi alisema alikuwa amelala, na pengine ni kweli.

Sheria haikufutwa kwa tangazo. Kopo halikuongezeka sarafu, basi. Arubaini ilipokaribia mama aliliteremsha, akalifungua kwa kisu, akahesabu baisa moja moja mbele ya watoto. Alipata riali chache, akamwambia mumewe azipeleke Mombasa ziingie katika hitima ya mamake. Zikapelekwa. Faini ya Kiswahili ikawa sadaka ya aliyekifundisha, na katika nyumba hiyo hapakuwa na aliyelitolea jambo hilo maelezo.

Kisa hiki si cha pekee, na wahakiki wangekipatia ndugu wakitaka. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akafuatana naye Hamburg mwaka 1867, na mwaka 1870 akabaki mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, husomwa zaidi kwa ajili ya mambo ya jumba la kifalme. Kinachostahili kusomwa pia ni hali ya mama anayewaandikia wanawe habari za utoto wake kwa lugha yao, kwa kuwa yeye alilelewa kwa lugha nyingine. Kwa upande wa Omani yenyewe, riwaya ya Jokha Alharthi iliyopata tuzo ya kimataifa ya Man Booker mwaka 2019, kwa tafsiri ya Marilyn Booth, imeonyesha jinsi Zanzibar na utumwa vinavyoendelea kuishi ndani ya nyumba za kijijini, katika majina na katika ukimya. Gurnah alipotunukiwa Nobeli mwaka 2021, wengi waliuliza kwa nini haandiki kwa Kiswahili. Swali hilo ni halali, lakini mtu aliyeiona nyumba ya Matrah angeliuliza kwa sauti ya chini. Lugha haihamishwi kama sanduku. Hubaki katika kinywa cha fulani, jikoni kwa fulani, na hatua za kuifikia hazilingani kwa kila mtoto.

Watoto wale sasa ni watu wazima wenye mvi. Mvulana alisomea uhandisi. Kiarabu chake hakina doa, na Kiswahili chake ni cha kumwamkia mamake na kumuaga. Kitindamimba hukisikia akakijibu kwa Kiarabu. Msichana hukisema kama kilivyosemwa Unguja kabla ya 1964, na wageni kutoka Zanzibar ya leo hutabasamu wakimsikia, kama wanaosikiliza santuri. Baba alifariki. Mama yupo, amepita miaka themanini, anakaa kwa bintiye katika nyumba yenye vipoza hewa kila chumba, na mbuzi yake ya nazi imepigiliwa ukutani kama pambo. Nazi siku hizi huja ndani ya makopo.

Jikoni mwa nyumba hiyo yumo mwanamke mwingine. Ametoka Kwale, amekuja kwa mkataba wa miaka miwili kufanya kazi za ndani, kama wengi wanaotoka Kenya, Tanzania na Uganda. Wajukuu wamejifunza kwake Kiswahili zaidi ya walichojifunza kwa bibi yao. Husema "sawa sawa" na "pole pole" kwa lafudhi ya pwani ya kusini. Humwita bibi "Bibi", naye humwita "mwanangu". Lakini mapenzi hayo hayafuti hesabu. Bibi alipofika mwaka 1975 alitajiwa babu, akapewa uraia. Mwanamke wa Kwale hana babu wa kumtaja. Ruhusa yake ya kukaa imefungamana na mwajiri wake, na mkataba ukiisha ataondoka. Wote wawili walivuka bahari ile ile, wakasimama kwenye jiko moja, wakasema lugha moja. Mmoja aliitwa mwana aliyerejea, mwingine ni mgeni aliyekabidhiwa jembe na hatapewa siku mbili za kwanza.

Bibi anaujua utofauti huo kuliko wanawe, kwa maana aliwahi kuwa na maneno ya kununulia bamia tu. Ameweka sheria moja, ya pekee aliyowahi kuiweka katika maisha yake. Saa mbili ya usiku, mwanamke yule humpigia simu binti yake aliyeachwa kwa nyanya yake. Huegemeza simu kwenye mtungi wa sukari, akaendelea kupanga vyombo huku akiuliza: umekula nini, mama, umeandika, nyanya amelala? Saa hiyo wajukuu hawaruhusiwi kuingia jikoni, hata kwa maji. Wakipandisha sauti ya televisheni, bibi hugonga mkongojo wake sakafuni mara moja na kuwaambia kwa Kiarabu chake kilekile cha sokoni, akikosea jinsia, wanyamaze, kisha, kwa kuwa hakitoshi, humalizia kwa Kiswahili: "Mwenzenu anazungumza na mwanawe."